Posa ya Haji na Punje za Usingizi

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, juu ya jamvi la watu, mbele ya wazee wenye ndevu zao.

Wiki ya tatu hii silali. Nikijilaza tu, macho wazi, kama duka la asubuhi. Mke wangu Rukia kachoka na mimi. (Namuuliza "Umelala?" Anaamka kunijibu, kisha hanisemeshi mpaka adhuhuri.) Na leo baada ya laasiri ilikuwa posa ya Haji, mtoto wa dada yangu. Msemaji mimi. Ukoo mzima wanasema nna ulimi.

"Nenda ukatibiwe kwanza," Rukia akanambia asubuhi. "Usije ukasinzia mbele ya watu."

Nikaenda kwa daktari wa Kichina, pale mjini. Mama wa makamo, ana mkalimani wake, binti wa hapa hapa anaitwa Zuhura. Daktari akanishika mshipa wa mkono wa kulia, akashika na wa kushoto. Akataka nitoe ulimi. (Ule ule wa posa.) Akautazama, akasikitika, akasema maneno mengi sana. Zuhura akayafasiri kwa sauti ya mwadhini:

"Anasema moyo wako na figo zako hazisemezani!"

Benchi zima la wagonjwa likageuka.

"Zimegombana lini?" nikauliza.

"Anasema siku nyingi."

Nikalazwa, nikachomwa sindano nyembamba kama unywele. Mikononi, miguuni, moja katikati ya nyusi. Sikulia, mimi mwanamme. (Nlisoma dua tu, kwa sauti.) Nikaambiwa nitulie nusu saa. Nikacheka moyoni, mimi huyu? Zuhura ndiye aliyeniamsha, nakoroma.

Kabla sijatoka, daktari akanibandika punje nyeusi masikioni kwa plasta, tatu kila upande.

"Ukitaka usingizi, zibonyezebonyeze," Zuhura akanambia. "Na kahawa basi tena."

Sasa skizeni. Laasiri tupo Mwanakwerekwe, kwa Mzee Othman, baba wa msichana. Wanaume jamvini, wanawake nyuma ya pazia. Nikatoa salamu, nikamsalia Mtume, nikaeleza nia yetu kwa maneno ya kupangwa, wazee wanaitikia kwa vichwa. Shemeji yangu Makame, babake Haji, akaninong'oneza, "Mashallah."

Lau ningezimia pale pale, ningekuwa shujaa.

Ikaletwa halua na kahawa. Kahawa nikaikataa kwa madaha. Mzee Othman akaanza kujibu, akaanzia kwa babu wa babu yake. Sauti nzito, ya polepole. Feni inazunguka. Na mimi mikono yangu haijui kukaa bure. Nikawa nachezea masikio. Nabonyeza. Naachia. Nabonyeza...

Yaliyofuata nimehadithiwa. Mzee alifika kwenye masuala. Kijana anaswali? Makame akajibu. Ana kazi? Makame akajibu. Kisha akanigeukia mimi, msemaji:

"Na huyu kijana wenu, ana mke mahala pengine?"

Mimi kidevu kifuani. Makame akanipiga kiwiko. "Khamis!"

Mie nimelelewa. Ukiitwa unaitika.

"NAAM!"

Nyuma ya pazia likaanguka sinia. "Astaghfirullah!" Ile ilikuwa sauti ya mama wa msichana. Makame kanitumbulia macho. "Mke gani, Khamis? Mwanangu ana mke gani?"

"Mke wa nani?" nami nikauliza, udenda kidevuni.

Haijapita dakika, simu ya Makame ikalia. Haji. Yuko kwao anasubiri jawabu, anapiga kelele mpaka tukamsikia sote: "Baba! Mwanaidi ananiuliza mke wangu anaitwa nani!" (Ndiye msichana mwenyewe, keshampelekea ujumbe toka huko ndani alikojificha. Vijana wa siku hizi!)

Ikabidi niseme kweli. "Mzee, nisamehe. Haji hana mke. Mimi nlikuwa nimelala."

"Umelala? Nasema mimi, wewe umelala?"

Nikavua kofia, nikamwonyesha masikio. "Ni dawa, Mzee. Moyo wangu na figo zangu hazisemezani."

Nyuma ya pazia akacheka mmoja. Wakacheka wawili. Kisha ikawa kama harusi. Mzee Othman peke yake hakucheka. Alinisogelea, akanishika sikio kama mwalimu wa chuo cha Kurani, akaligeuza huku na huku.

"Zinabonyezwa hivi?"

"Hivyo hivyo, Mzee."

"Na ulilala kweli?"

"Si mmeniona?"

Akainama, akasema chini chini, "Nielekeze kwa huyo daktari. Tokea nistaafu, mwaka wa pili huu, usiku kucha nahesabu boriti za dari."

Kisha akajiweka sawa, akakohoa, akatoa jawabu mbele ya wote.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Aliyekataliwa ni mimi: siku ya nikaha Makame kanipangia kukaa mlangoni kuangalia viatu. Mkipita, vueni kimya kimya. Na yeyote atakayecheka, sikijui kiatu chake.