Nilivyopanga Gari za Akdi ya Aseel

Jumapili, 2 Novemba

Leo nimeonewa. Naandika kwa sababu Sabah, mke wangu, kasema hataki tena kusikia khabari za kazini mezani.

Mhandisi Ghaith, mkubwa wetu, alitutaka mawazo. Msimu wa baridi unaingia, watalii wanazidi, ndege zinakosa pa kusimama. Mimi Thabit, mpangaji wa maegesho ya ndege tangu nywele zangu nyeusi, nikatoa wazo. Wazo tamu! Ndege zisogeleane kidogo, ncha ya bawa kwa ncha ya bawa. Njia ya gari iliyo nyuma yake tuifute. Tunapata nafasi ya ndege moja zaidi, bila ya kumwaga zege hata toroli moja. Nimechora kwa rangi.

Lamya akainua mkono. Huyu Lamya kaja kazini juzi tu, na mkono wake haujashuka. Akasema kwenye mchoro wangu gari la mafuta haliwezi kutoka ila kwa kurudi nyuma. Na gari la mafuta lazima lipate njia ya kwenda mbele moja kwa moja, moto ukitokea. Nikamuuliza, tangu aanze kazi, moto umetokea mara ngapi? Akasema hata mara moja. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Baadaye nikashuku walikuwa hawamcheki yeye.

Ghaith akasema atafikiri. Cheo cha mkuu wa mipango kiko wazi. Afikiri vizuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepata dawa! Ijumaa baada ya alasiri ni akdi ya ndoa ya Aseel, mtoto wa shemeji yangu, nyumbani kwa wakwe zangu Bawshar. Ubavuni mwa nyumba kuna kiwanja cha kokoto, kimebanwa na kuta za majumba pande tatu; upande wa nne ni ukuta wa barabarani wenye lango, na mlango wa nyumba unatokea humo humo kiwanjani. Kila shughuli watu huegesha kama mchele uliomwagika. Jirani huzibana na jirani, na mtu hutafutwa kwa kipaza sauti aje aondoe gari yake.

Safari hii nitapanga mimi. Kwa kanuni za kiwanja cha ndege. Ghaith nimemwalika. Lamya pia nimemwalika, makusudi. Aje aone kwa macho yake.

Sabah akasema hii ni akdi, siyo uwanja wa ndege. Nikamwambia tofauti ya gari na ndege ni mabawa tu.

Jumatano, 5 Novemba

Mimi na Lamya tumetumwa kukagua mistari ya maegesho. Tulitembea pamoja, fulana za kung'aa, vizibo masikioni. Tukasimama nyuma ya mstari mwekundu kungojea ndege iingie. Kitu kikubwa kile, watu tele ndani, kinamfuata mtu mmoja mwenye vijiti viwili mkononi. Akivikutanisha, kinasimama. Kila nikiona hufurahi kama mtoto. Hilo sikumwambia Lamya.

Nikamwonyesha pengo kati ya mabawa mawili. Nikasema, tazama, pana kama barabara, na halifanyi kazi. Akanihadithia kisa cha kiwanja kimoja cha ndege alikofanya mazoezi, nchi nyingine. Ndege ilikuwa inavutwa, pengo lilishapunguzwa ili zitoshe nyingi, na ncha ya bawa ikapasua gari la chakula kama kisu kinavyopasua mkate wa boflo. Dereva alikuwa ndiyo kwanza kashuka kwenda kunywa maji. Lamya akasema anayakumbuka zaidi maji yale kuliko bawa. Yule mtu alibaki na gilasi mkononi, hanywi, hashushi.

Ndege ikazima injini. Kwa muda niliona kama kweli pengo lile si pana sana.

Halafu nikakumbuka kwamba dereva wangu wa chakula angekuwa mwangalifu zaidi.

Alkhamisi, 6 Novemba

Nimechora kiwanja chote cha Bawshar kwa chokaa. Mistari ya kusimamia, mistari ya kuingilia, duara la kugeuzia. Mgongo unauma. Nalwoga, Mganda anayemsaidia mamkwe kazi za nyumbani, akatoka na kahawa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akauliza, "Baba, kesho kuna harusi ama kuna mpira?"

Bi Sayyida, mamkwe wangu, naye akatoka, mkono kifuani, akasema kapanda ngazi tu na pumzi zimemwisha. Akaniuliza kwa upole, "Thabit mwanangu, na gari zikijaa, mtu akitaka kutoka atapita wapi?" Nikamwonyesha njia niliyoiacha katikati. Akasema, "Haya. Nnakuamini."

Baada ya yeye kuingia ndani niliitazama sana ile njia. Pana mno.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike kwa mpango.

Nilisimama langoni tangu alasiri na fulana ya kung'aa juu ya kanzu yangu ya dishdasha, na vibao viwili vya mpira wa meza nilivyovipaka rangi ya chungwa. Gari zikaanza kuingia. Nikaziita, nikazisimamisha, moja moja, pua ukutani. Mashaallah! Safu zilinyooka kama za sala. Ami Sleyum, mzee wa upande wa mke wangu, ambaye hajapata kumtii mtu tangu azaliwe, alivifuata vibao vyangu mpaka tairi likagusa chokaa. Ghaith akafika. Akasimama akatazama, akasema kweli ni nadhifu. Nadhifu! Nilitamani Lamya asikie, lakini Lamya alikataa kuingia kiwanjani. Kaacha gari barabarani, imeelekea njia kuu, akaenda zake upande wa wanawake. Nikasema moyoni, kijicho hicho.

Wageni wakazidi. Kiwanja kikajaa. Na katikati ile njia, tupu, inanitazama. Nikaijaza. Gari moja. Ya pili. Mpaka langoni. Hata baiskeli isingepenya. Nikawatangazia watu kwamba wa mwisho kuingia atakuwa wa kwanza kutoka, na kila kitu kitakwenda kwa zamu.

Watu wakaingia ndani. Akdi ikafungwa. Halwa ikazunguka. Ndipo nikasikia ukelele kutoka upande wa wanawake. Siyo vigelegele.

Bi Sayyida kaanguka. Jasho, kifua, uso rangi ya majivu. Sabah akapiga simu, gari la wagonjwa likaja upesi, likakwama nje ya lango, lango lenyewe limezibwa na mwisho wa safu yangu. Machela haikupenya kati ya gari na gari. Mimi mwenyewe nilipima, gari na gari, ili zitoshe! Wenye gari za langoni hawakujulikana ni nani. Mmoja alikuwa msikitini. Mmoja kalala sebuleni, na ufunguo kaufungia garini.

Shemeji zangu wakambeba juu. Kweli juu, kwa kupita boneti kwa boneti, mkono kwa mkono, Nalwoga mbele na kanga akimfunika asionekane miguu. Ami Sleyum akiwa juu ya gari yake mwenyewe, miguu mitupu, akinilaani kwa Kiarabu na Kiswahili. Katikati ya safari wakakwama, hawana pa kukanyaga. Kichwa cha mamkwe kikalegea. Sabah akaniangalia. Sijapata kuangaliwa hivyo.

Gari la wagonjwa nalo sasa limezibwa nyuma na gari za wapita njia waliosimama kutazama. Aliyempeleka ni Lamya. Walimvusha ukuta wa barabarani, wakamtia kiti cha nyuma cha gari ya Lamya pamoja na mhudumu mmoja, naye akatia gia akaondoka. Hakulazimika hata kugeuza.

Nilibaki kiwanjani na vibao vyangu mkononi.

Jumamosi, 8 Novemba

Hai. Alhamdulillahi, hai. Mshipa wa moyo uliziba, wameuzibua. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya. Hakusema "kidogo" ni kiasi gani. Sikuuliza.

Nikaruhusiwa kuingia. Mtu mkubwa mimi, nikaangua kilio. Bi Sayyida akanishika mkono na wake ulikuwa mwepesi, umejaa mipira ya dripu. Akasema, "Usilie. Nnakwambia, nimekaa Bawshar miaka yote hii sijapata kukiona kiwanja kile kutoka juu. Mistari yako ilikuwa imenyooka." Nikalia zaidi.

Nje, kwenye viti, alikuwepo Lamya na nguo zile zile za jana. Nikamshukuru. Nikamwomba radhi. Akasema hana hasira. Akasema tatizo la nafasi ya salama ni kwamba kila siku inayopita bila balaa huifanya ionekane ya bure. Na siku nyingi hupita bila balaa.

Hilo nimeliandika lisinipotee. Nimefahamu sasa. Wallahi nimefahamu.

Jumatatu, 10 Novemba

Cheo kapata Lamya. Nilimpigia makofi, na yalikuwa ya kweli, karibu yote. Ghaith akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema nitakaa mwezi mzima uwanjani kwenyewe, nikiokota kokoto na skrubu zisimezwe na injini, nione gari na ndege zinavyopita kabla ya kuzichora tena. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Sabah leo kanitilia chai. Katia na sukari.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kumwona mamkwe. Anakula, anagombana na manesi, anataka kurudi kwake. Tumecheka. Furaha tupu.

Kilichoniudhi ni maegesho ya hospitali. Nimezunguka mpaka kichwa kikaniuma, hakuna nafasi! Watu wanaegesha juu ya mchanga, wazee wanatembea juani. Na huku mbele ya mlango wa dharura, mahali pazuri kuliko pote, wameacha uwanja mzima umechorwa mistari ya manjano, hakuna gari hata moja. Nilisimama kivulini nikautazama kwa muda mrefu, wala hakuna kilichopita.

Nimeupima kwa hatua. Gari nne zinakaa kwa raha. Sita, zikisogeleana. Kesho nitamwona mkurugenzi wao.