Prosesa Mbio, Umeme Kidogo

Jumatatu, 6 Oktoba
Shangwe! Mchungaji kanipa kazi ya kutengeneza filamu ya watoto, ionyeshwe kanisani Jumapili Nyeupe, sikukuu yao. Nikishindwa, kazi anapewa jirani yangu Pesamino na kompyuta yake mpya. Yangu ya zamani, inajikokota. Dawa ninayo: kuilazimisha prosesa, ubongo wake, ikimbie kupita kasi ya kiwandani. Mke wangu Fuatino kasema sawa, ila umeme wetu wa tokeni ukiisha, nguruwe wa sikukuu aliyemo kwenye friji nitamla mimi, ameoza. Basi nitafanya yote mawili. Mbio, na kubana umeme!

Jumanne, 7 Oktoba
Mbio kwanza. Filamu inapaa! Jioni likalia baragumu la saa ya maombi, kijiji kizima kimya. Feni ya kompyuta haikuambiwa. Ikanguruma katikati ya zaburi. Fuatino akanifinya huku kafumba macho. Nyumba zetu hapa kisiwani ni nguzo na paa tu, hazina kuta, kwa hiyo mzee wa zamu anayelinda saa ya maombi hakuhitaji kubisha hodi. Akauliza kama tunasaga nazi mbele za Mungu. Faini: katoni ya samaki wa makopo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ujanja mpya. Nimepunguza umeme unaoingia kwenye prosesa, kasi nikaiacha kule kule juu. Feni kimya! Kisha skrini giza. Nikawasha. Giza tena. Pesamino alikuwa akiniona tangu asubuhi. Akaja. Eti, "Kaka, farasi unamnyima majani halafu unataka akimbie? Irudishe ilivyotoka dukani, itamaliza yenyewe polepole." Wivu huo! Nikamshukuru kwa adabu, nikamgeuzia mgongo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Filamu nusu. Nimekwenda kuoga, narudi namkuta Fuatino kairudisha kompyuta ilivyotoka dukani. Nikafoka. Akaniambia, "Kaa chini ule magimbi, baba." Filamu imekwisha kabla ya baragumu. Bahati tu.

Jumapili, 12 Oktoba
Watoto walijiona kwenye ukuta wa kanisa wakapiga mayowe ya furaha. Mama mkwe kalia. Mimi pia, kidogo. Nguruwe hakuoza, mtamu. Na Mchungaji kanipa filamu ya Krismasi! Ni wazi kwamba yale mazoezi ya Jumanne ndiyo yaliyoikomaza prosesa. Safari hii kasi zaidi, umeme kidogo zaidi. Saa ya maombi? Nimejipanga. Katoni ya samaki nimeshainunua.