Mtunza Masweta wa Lyamkena

Upepo wa Makambako hauna adabu. Asubuhi ile ulikuwa umeshaangusha bango la vocha pale Lyamkena na kuzima jiko la Beatha, muuza kahawa, na bado wazee wa benchi walikuwa wamekaa palepale, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, kila mmoja kakumbatia kikombe chake cha kahawa. Benchi lenyewe liliegemea uzio wa shule ya msingi. Watu wa mtaani walipaita Bungeni, kwa sababu hoja zilikuwa nyingi na utekelezaji hakuna aliyewahi kuuona.

Agustino ndiye aliyefika mwisho. Wenzake walimwita Parachichi, maana tangu apande miche yake ya parachichi hakuwahi kumaliza mazungumzo bila kuitaja, hata msibani.

"Kamwene, wazee."

"Kamwene. Kaa hapa, Parachichi, nchi inaharibika!"

Aliyesema hivyo ni Romanus, karani mstaafu. Pale kijiweni jina lake lilikuwa Waziri, kwa kuwa alikuwa na jibu la kila swali isipokuwa lile aliloulizwa.

"Inaharibika tangu lini? Jana jioni nimeiacha nzima."

"Hujafungua grupu la wazazi? Mwalimu Oktavia kaachia kombora." Waziri akainua simu, akasafisha koo kama msomaji wa taarifa ya habari. "'Ndugu wazazi, kuanzia leo mapumziko ya saa nne yataongezwa muda. Watoto hawatafagia wala kuchota maji wakati wa mapumziko. Watatoka nje na kucheza, wote. Wazazi mnakaribishwa kutusaidia kuyaboresha.' Mmesikia? Kucheza! Mtoto umnunulie daftari, akacheze!"

Jofrey akajipiga gotini kwa furaha. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na jina lake la benchi lilikuwa Mabanzi, zile mbao za pembeni zinazobaki na magome yake.

"Safi sana! Watoto wacheze bwana! Ni haki yao! Anayemnyima mtoto uwanja ni adui wa taifa!"

"Taifa gani?" Waziri akamgeukia. "Sisi tulicheza lini? Mimi nilikuwa nakimbia kilomita kumi kwenda shule, umande mpaka kiunoni. Hiyo ndiyo ilikuwa michezo yangu."

Beatha akaacha kupepea jiko. "Waziri, juzi si ulituambia ulisoma bweni, misheni?"

"Ndiyo. Nilikuwa natoka bwenini nakimbilia darasani."

"Kilomita kumi?"

"Lilikuwa bweni kubwa."

Benchi likatikisika kwa kicheko. Kahawa ya Mabanzi ikamwagikia kiatuni.

"Hukucheza kweli wewe," Mabanzi akasema akijifuta. "Ndiyo maana ukitembea unaonekana umemeza mlingoti wa bendera."

"Nilikuwa nasoma! Na Parachichi hapa ataniunga mkono. Si una mtoto pale?"

Agustino alikuwa anaisubiri nafasi hiyo. Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mimi kwa Lightness sina shida. Ana michezo ya kistaarabu. Anatoka asubuhi sare inang'aa, anarudi inang'aa. Soksi utadhani zimetoka dukani. Mama yake anafua kwa mazoea tu."

"Acha fiksi," akasema Mabanzi.

"Muulizeni Beatha. Si anapita hapa kila siku?"

"Kwa hilo hadanganyi," Beatha akakubali. "Yule mtoto hachafuki. Vumbi lenyewe linamkwepa."

"Mnaona? Darasa la tatu, lakini ana akili ya mtu mzima. Ni kama parachichi langu la daraja la kwanza, ganda halina hata alama."

"Tayari!" Mabanzi akapiga kelele. "Ameshalitaja!"

"Shikamooni, wazee."

Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Mwalimu Oktavia alikuwa amesimama pale, mikono imejaa chokaa, amejifunga kitenge kiunoni juu ya gauni. Tangu asubuhi alikuwa akichora mistari uwanjani. Makoti yote yakakaa wima.

"Marahaba, mwalimu."

"Nimesikia mnalijadili tangazo langu."

"Tunaliunga mkono mia kwa mia," akasema Waziri, akiingiza simu mfukoni. Beatha akakohoa sana.

"Nashukuru. Basi kengele inagongwa sasa hivi. Karibuni ndani. Kila mmoja achague mchezo, acheze na watoto mpaka mapumziko yaishe. Halafu mniambie kama muda unatosha au umezidi."

"Ningependa mwalimu, ila mgongo wangu huu..."

"Mgongo upi?" Beatha akadakia. "Huo uliokuwa unaserebuka nao harusini Jumamosi?"

Waziri akanyanyuka.

"Na wewe, Baba Lightness," mwalimu akaongeza, "usikose. Nataka ukamwangalie mwanao."

Agustino akawatazama wenzake kwa jicho la ushindi. Akakaza kola ya koti. Moyoni alishajiandaa kupongezwa, na alikuwa anachagua maneno ya kushukuru kwa unyenyekevu.

Kengele ikagongwa. Watoto wakamwagika kutoka madarasani kama mahindi yaliyopasukiwa na gunia. Wavulana wa darasa la saba wakawahi kuutwaa uwanja, mpira mmoja, wachezaji wasiohesabika, wakakanyaga mistari ya chokaa kana kwamba haipo. Wasichana wa rede wakajibana nyuma ya choo. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wakabanana barazani, kati ya ukuta na mtaro, wakicheza mchezo wa kutosukumwa.

Waziri akachagua rede, akidhani ni mchezo wa kukaa. Wasichana wawili wakasimama huku na huku na mpira wa soksi, yeye wakamweka katikati.

"Babu, mpira usikuguse tu. Ukikugusa umetoka."

"Mimi nimeanza kukwepa maswali hujazaliwa," Waziri akajigamba.

Mpira wa kwanza ukampata ubavuni.

"Umetoka, babu."

"Sijatoka. Umegusa koti, haujanigusa mimi."

Msichana mdogo mwenye pengo akaja karibu, akainua uso. "Koti ni la nani?"

"Langu."

"Basi umetoka."

"Tuunde kamati ichunguze!"

"Babu, watu wamepanga foleni."

Waziri akatazama nyuma. Kweli, foleni ilikuwapo, nayo ilikuwa na hasira. Akatoka akinung'unika, akavua koti, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

Mabanzi yeye alikuwa anazunguka barazani, mikono nyuma, kama mgeni rasmi. "Mwalimu, hii ni dhuluma! Hawa wadogo kwa nini wanabanwa hapa mtaroni? Nani kawanyima uwanja? Nitajie jina lake!"

"Uwanja wao upo," mwalimu akajibu kwa upole. "Kona ile."

Mabanzi akafuata kidole chake. Pale kona, chini ya turubai la bluu, kulikuwa na lundo la mabanzi lenye urefu wa nyumba. Mabanzi akashusha mikono.

"Aa. Zile. Zile ziko kwa muda tu, mwalimu. Zinakauka."

"Ulimwomba mwalimu mkuu aliyehama zikae wiki moja."

"Mbao za huku hazikauki haraka. Baridi."

"Mzee Jofrey, zimeota uyoga."

Mabanzi akageuka kutafuta msaada, lakini Agustino alikuwa ameshapita. Alikuwa anamtafuta mwanawe. Alichungulia kwenye rede, hayupo. Kwenye kamba, hayupo. Kwenye mdako, hayupo. Akaanza kuingiwa na wasiwasi. Ndipo alipoona, kwenye ngazi za darasa la tatu, kichuguu cha masweta ya kijani. Juu ya kichuguu kulikuwa na macho mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lightness? Unafanya nini humo?"

"Nashika masweta."

"Ya nani?"

"Ya wote. Wakicheza wanasikia joto. Wakiyaweka chini yanachafuka, wanagombezwa nyumbani."

"Sasa kwa nini ushike wewe?"

Lightness akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Si mimi ndiye nisiyechafuka? Kila siku nikipita kwa Mama Beatha nakusikia unawaambia."

Maneno yote ya shukrani aliyoyachagua Agustino njiani yalikuwa yamemkimbia. Akakaa kwenye ngazi, pembeni ya masweta, akavua kofia, akaivaa tena. Kumbe zile soksi nyeupe alizokuwa akizitangaza benchini zilikuwa nyeupe kwa sababu hazikwenda popote. Mwaka mzima mwanawe amekaa pale kwenye saruji ya baridi, upepo unampiga, anawashikia wenzake furaha yao.

"Kamba unajua kuruka?" akauliza.

"Najua kwa macho."

"Lete hayo masweta."

"Yote?"

"Yote. Nipakie."

Akampakia mikononi, mabegani, mengine shingoni, mpaka koti la baba halikuonekana. Kisha Lightness akasimama palepale, viatu vimebanana pamoja, kama anayetaka kuvuka barabara kuu ya Mbeya.

"Na nikianguka?"

"Utaamka."

"Na sare?"

"Sare itafuliwa. Mama yako nitaongea naye mimi."

"Utaweza?"

"Nenda bwana, kabla sijaghairi!"

Lightness akaenda. Mwanzo alitembea, baadaye akakimbia, mbio za mtu asiyejua mikono huwekwa wapi. Wenzake wakamshangaa, lakini wakamzungushia kamba. Akaruka akiwa amechelewa, kamba ikamkamata miguu, akaanguka kifudifudi kwenye ule udongo mwekundu. Magoti, viganja, soksi, vyote.

Lightness akainua kichwa, akamtafuta baba yake kwa macho. Agustino alitaka kukimbia akamwinue, lakini mikono yote ilikuwa imejaa masweta.

"Endelea!" akapiga kelele, kubwa kuliko alivyokusudia. Hata mpira wa darasa la saba ukasimama kidogo.

Lightness akaamka. Akajipangusa, akazidi kujipaka. Akaruka, kamba ikamnasa tena. Akaruka tena, ikapita chini ya miguu yake, ikarudi, ikapita tena. Kikamtoka kicheko ambacho nyumbani hakijawahi kusikika, cha kukwaruza kama pikipiki inayokataa kuwaka. Agustino akainamisha uso ndani ya masweta. Akitazamwa, angesema ni upepo.

"Parachichi!" Mabanzi alikuwa amefika, anatafuta wa kumcheka ili naye asichekwe. "Umekuwa kabati?"

"Kabati litoke kwako. Lete banzi moja na misumari, tupige ukutani hapa, kila mtoto atundike sweta lake mwenyewe."

"Mbao zangu?"

"Zile zenye uyoga."

"Zile nimeshapata mteja!"

"Si ulisema kijiweni anayemnyima mtoto uwanja ni nani vile?" Agustino akapaza sauti. "Adui wa nini? Mwalimu, njoo usikie, ana hotuba nzuri sana huyu!"

"Basi, basi! Kausha!" Mabanzi akatazama kushoto na kulia. "Zitoke zote. Lakini sibebi peke yangu."

Mwalimu Oktavia akapuliza filimbi, akawaita wavulana wa darasa la saba wakasaidie kuhamisha mbao nje ya uzio. Wakaenda kwa mbwembwe, kila mmoja anataka kuonyesha misuli. Uwanja ulipobaki mtupu, wasichana wa rede wakauvamia bila kuuliza mtu. Kule kona, banzi la mwisho halijanyanyuliwa bado, wadogo walikuwa wameshaingia, wanabingirika kwenye maganda ya mbao kama vifaranga.

Kengele ikalia. Ndipo Agustino alipojua kazi ya mwanawe haikuwa ndogo. Watoto wakamzunguka, wanavuta huku na kule.

"Langu, babu! Langu lina tundu!"

"Yote yana tundu!"

"Langu lina harufu ya vitumbua!"

Lightness akaja, vumbi mpaka kwenye nyusi, akagawa masweta yote bila kukosea hata moja. Kisha akampungia baba yake mkono, akaingia darasani akichechemea kwa raha.

Wazee wakaanza kutoka. Mabanzi alikuwa ana mchubuko mpya wa kibanzi kidoleni na anamwonyesha kila aliyepita. Agustino alitembea akipanga atamwambiaje mke wake kuhusu ile sare, na kila alichokipanga aliona hakitapita. Waziri alikuja nyuma, suruali imejaa vumbi, koti begani, amechoka kama aliyetoka kulima.

"Huko benchini mkiulizwa," akawanong'oneza, "semeni nilikuwa nakagua."

"Ulikuwa unakagua ukiwa umelala chini?" akauliza Mabanzi.

"Nilikuwa nakagua udongo."

Dirisha la darasa la tatu likafunguka. Yule msichana mwenye pengo akatoa kichwa.

"Babu! Viatu hivyo vinakuangusha! Kesho uje na raba!"

Darasa zima likalipuka. Waziri akageuka, kidole juu, tayari kutoa karipio la kiserikali. Kidole kikabaki hewani. Kikashuka. Akatazama viatu vyake vya ngozi, akamsogelea Agustino, akamshika mkono.

"Parachichi," akauliza kwa sauti ya chini, "hivi wewe raba unavaa namba ngapi?"