Mapokezi Salama ya Mwenyekiti Chirau

Itangazwe kwa wakazi wote, kuanzia Diani hadi Msambweni, kwamba kigelegele ni mate. Ndivyo ilivyoamua Kamati Ndogo ya Mapokezi Salama ya Wasafiri wa Anga, baada ya vikao vilivyomaliza mahamri mengi, na aliyesema neno la mwisho ni mwenyekiti wake, Bwana Swabir Chirau wa Msambweni.

Corona ilikuwa imepamba moto. Ndege ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa kutua tena Ukunda, na watu wa huku mnawajua: akishuka mmoja, wanakuja kumpokea ishirini, wanamkumbatia, wanampigia vigelegele. Bwana Chirau akayatengeneza mambo hayo kwa kanuni. Msafiri apokelewe na watu wanne, wenye magwanda meupe, kimya, macho chini. Apelekwe kwao kwa ambulensi, king'ora kimezimwa, asije akazua taharuki. Na kwa vile kina mama wetu huwawezi, atakayeadhibiwa ni yule anayepigiwa: karantini wiki mbili katika bweni la shule moja huko Ramisi, kwa kila kigelegele.

Kanuni zilifanya kazi vizuri sana. Twaiba, aliyekuwa yaya Doha, aliposhuka, mamake alishindwa kujizuia. Binti akapitishwa mbele ya mamake kwenda Ramisi, zawadi ziko begini. Mama mtu akalia. Kamati ilibainisha kwamba kilio hakimo katika kanuni, ikamwacha alie.

Kwa kazi hiyo njema Bwana Chirau aliitwa Nairobi kupewa cheti. Sasa niwaambie lililokuwa moyoni mwake, maana naye ni binadamu. Tangu utotoni alitamani kupokelewa. Alipofaulu mtihani, mvua ilinyesha, hakuna aliyetoka nje. Alipooa, vigelegele vyote vilikwenda kwa bibi harusi. Na sasa anarudi kwa ndege, na cheti mkononi! Akaiomba kamati imruhusu vigelegele vitatu tu, vya kiasi. Kamati ilikubali kimsingi. Ila kibali kinahitaji saini ya mwenyekiti, naye mwenyekiti yuko Nairobi.

Akashuka Ukunda Alhamisi asubuhi. Wanne wenye magwanda walikuwa kimya, macho chini. Simu yake ikapuliziwa dawa, ikafungwa kwenye mfuko ikauke. Mwenyewe akapandishwa nyuma ya ambulensi, yenye vile vioo vya giza ambavyo wewe waona nje, wa nje hakuoni.

Langoni kulikuwa na wanawake wakikaanga viazi karai, ndiyo kwanza wameanza biashara pale asubuhi hiyo. Waliona magwanda meupe, wakaona vichwa vimeinama, wakaona ambulensi inatoka polepole bila king'ora. Wakauliza ni nani.

"Chirau," akajibu askari wa lango, ambaye hakuulizwa zaidi.

Basi tena. Huku kwetu mtu akitolewa kwenye ndege kwa namna ile, huwa hatembei tena. Kabla mafuta hayajapoa karaini, habari za kifo zilikuwa zimeshafika Msambweni.

Bwana Chirau hakuwa na habari. Alichoona yeye ni kwamba pale Mwabungo vijana wa bodaboda waliegesha kando na kuvua kofia. Gazi, wazee walisimama mbele ya duka wakainua viganja kuomba dua. Machozi yakamlengalenga.

"Harrison," akamwambia dereva, kijana wa kutoka bara, "waona watu wanavyonipenda?"

"Naona, bosi. Hata mimi nimeshtuka."

Njia nzima akawapungia mkono.

Nyumbani kwake alikuta turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na mlangoni amesimama Mzee Kaingu, mlinzi wa kamati, na kipimajoto chake.

"Shikamoo, Mzee Kaingu."

"Marahaba. Pole kwa msiba, Mwenyekiti."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Lakini mimi si huyu hapa?"

"Nakuona, macho yangu mazima. Ila matangani mwisho watu kumi na tano, nao wametimia. Ukiingia wewe utakuwa wa kumi na sita."

"Maiti hahesabiwi, Mzee Kaingu. Na maiti ni mimi."

"Kweli hahesabiwi, uliandika mwenyewe. Lakini maiti huletwa, Mwenyekiti. Wewe umekuja kwa miguu."

Kusema haki, hoja ilikuwa nzito, na Chirau alijivunia kidogo kwamba ni yeye aliyemfunza Kaingu. Kisha akasikia sauti ya mamake, Bi Mwanarusi, akilia ndani: "Mwanangu, nani atanizika mimi?" Akafungua kinywa amwite.

"Kupaza sauti ni mate," Kaingu akamkumbusha.

Chirau akarudi kwenye ambulensi, akalala juu ya machela. Harrison na Kaingu wakamfunika shuka, wakamwingiza ndani kwa mujibu wa utaratibu.

"Mama," akasema Chirau, akaketi.

Waombolezaji kumi na wanne walitoka kwa mlango na kwa madirisha bila kuzingatia mita moja na nusu.

"Sasa nafasi zipo," akasema Kaingu.

Bi Mwanarusi hakukimbia. Alimshika mwanawe mashavu, akayaminya kama achaguaye embe sokoni, akaridhika. Akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele.

Ndicho alichokuwa akikingoja Chirau maisha yake yote, na kilikuwa kizuri. Alifumba macho kukisikiliza. Alipoyafumbua, Mzee Kaingu alikuwa amekunja kidole kimoja.

"Wiki mbili, Mwenyekiti. Ramisi."

"Mzee Kaingu, huyu ni mama yangu."

"Na yule wa Twaiba alikuwa mama yake."

Wakampandisha tena kwenye ambulensi. Bi Mwanarusi akawafuata mpaka barabarani, leso mkononi, furaha imempanda. Waliokimbia nao walikuwa wamesharudi, wamehakikisha kwamba ni mzima kweli.

"Mama, nakuomba, nyamaza," akasema Chirau dirishani.

Bi Mwanarusi hakusikia, maana alikuwa ameshaanza tena, na wanawake wa mtaa mzima wakampokea. Mzee Kaingu akahesabu mpaka vidole vikamwishia, akamwomba Harrison amwazime vyake.