Nafasi Moja Katikati, Wazee Wawili

Jumatatu, 12 Mei

Mazoezi Sharpstown, hapa Houston, baada ya kazi. Joto. Mgongo umeanza kuuma kabla sijamaliza kufunga kamba za njumu. Kocha Shem, Mkenya wetu mwendesha malori, ametangaza kikosi cha wazee kitakachokwenda Dallas Jumamosi ya wiki ijayo kucheza na wazee wenzetu wa huko. Kila nafasi ina mwenyewe isipokuwa moja: kiungo mkabaji, yule anayesimama mbele ya mabeki. Nafasi moja, watu wawili. Mimi na Godefroid.

Tulinganishe kwa haki. Godefroid ana kichwa kizuri kwa mipira ya juu. Mimi nina sauti. Yeye hageuki kushoto, mimi sigeuki kulia. Yeye akianguka huinuka mwenyewe, mimi napenda kuinuliwa. Yeye hasemi kitu dakika zote tisini, na kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe sijausikia bado. Kwa jumla nimemzidi kidogo.

Kocha haoni hivyo. Kasema hizo magoti zenu zikiunganishwa, wazee, tunapata player mmoja mzima. Watu wakacheka. Godefroid naye akacheka! Mtu asiye na wivu ni mtu wa hatari.

Angel, binti yangu, alikuja kunichukua. Njiani kasema kwa Kiingereza chake kwamba mimi na Godefroid hatuchezi mpira, sisi ni linebackers. Nikamuuliza ndiyo nini. Akaeleza kuwa katika mpira wa Kimarekani huyo ndiye jitu la katikati, halikimbizi mtu, linangoja aje na mpira kisha linamwangusha. Nikauliza kama wanalipwa vizuri. Kasema sana, ila hustaafu wakiwa vijana. Nikamwambia aangalie barabara.

Ukweli ni kwamba naogopa. Humphrey, mwenzetu wa timu, aliwekwa benchi mwaka jana, wakampoza kwa uenyekiti wa kamati ya usafiri. Tangu siku hiyo hajagusa mpira. Hugusa barafu na chupa za maji tu. Mimi sitaki uenyekiti. Nataka kusimama katikati, Dallas, watu wakiniona.

Jumatano, 14 Mei

Nimeamka mapema kukimbia hapa Stafford kabla ya ofisi. Ng'ombe hazeeki maini! Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, nikapitwa na bibi mmoja anayetembea na kambwa kake. Kambwa kakageuka kuniangalia.

Nimerudi nikiwa nimeshika kiuno. Natalia, mke wangu, ni nesi, kwa hiyo hanihurumii. Kaniuliza kama nakimbia au nakimbizwa. Nimeoga, nimeenda kazini, nimekaa kwenye kiti kama gunia hadi saa ya kutoka.

Nimefikia uamuzi. Miguu imechoka, akili bado. Mpira wa umri wetu huchezwa kwa akili.

Alhamisi, 15 Mei

Akili imefanya kazi. Nimempigia simu Mama Matumaini, kiongozi wa akina mama pale kanisani kwetu. Nimemwambia kwa siri, kwa uchungu mkubwa, kwamba goti la ndugu yetu Godefroid ni bovu na anajikaza tu. Sina ushahidi wowote. Nimemwomba asimwambie mtu, tumkumbuke tu katika maombi.

Nimemchagua Mama Matumaini kwa sababu siri haijawahi kulala kwake. Itamfikia Kocha Shem kabla ya Jumamosi. Kocha hatapeleka goti bovu Dallas. Na mimi sijamsema mtu vibaya, nimemwombea!

Jumamosi, 17 Mei

Imemfikia Kocha. Imemfikia pia mchungaji, kwaya, kundi la maombi la WhatsApp, na Mkongo mmoja wa Fort Worth, jirani na Dallas, ambaye simjui, amenipigia kunipa pole. Goti lilipokuwa likitoka kwangu lilikuwa bovu. Huko Fort Worth limeshakatwa.

Nilisahau jambo moja, na mtu wa kwetu hapaswi kulisahau. Kwetu ugonjwa hauishii kuwa habari. Mgonjwa huenda kuonwa. Mama Matumaini ameandaa msafara wa kesho baada ya ibada. Kiongozi wa msafara ni mimi, maana ndimi niliyeguswa wa kwanza. Natalia ameshaloweka mchele.

Jumapili, 18 Mei

Nimechoka mpaka kalamu nzito.

Godefroid anakaa ghorofa ya tatu. Lifti hakuna. Sufuria ya pilau nimepandisha mimi, kiongozi. Nyuma yangu kwaya nzima inaimba. Nimefika juu sioni vizuri.

Mpango wangu ulikuwa kwamba Godefroid angekana, angesema ni mzima, nasi tungemwona kama mtu anayeficha. Bibiche, mkewe, akafungua mlango, akashangaa. Tukaeleza. Godefroid akatutazama sote, akakaa kwenye kochi, akapandisha suruali. Goti limevimba kama papai! Akaanza kulia. Kumbe anaumwa tangu Pasaka. Kule ghalani anakofanya kazi anabeba maboksi akiuma meno, kamficha kila mtu, anaogopa kupoteza zamu.

Bibiche alimgeukia. Weye, ulinifichaka! Kisha naye akalia. Godefroid akauliza nani aliyejua, maana yeye hakumwambia hata mtoto. Watu wote wakanitazama mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kasema, Papa Angel, ni Mungu njo alikuonesha hii goti.

Ningesema nini? Nilisema amina.

Natalia akalikagua goti pale pale. Kasema ni maji, linahitaji barafu, kupumzika bila kwenda kazini siku chache, na daktari anayemfahamu atamwona kesho. Kisha akafungua mkoba wake akatoa bandeji ya goti, ile nene, ya kwangu, akamvalisha. Ilimkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

Jumanne, 20 Mei

Jana nilimpeleka Godefroid kwa daktari. Maji yamevutwa. Akashuka ngazi za kliniki bila kushika ukuta. Mimi nilishika ukuta, mgongo haujasahau ile sufuria.

Simu haipoi. Nimekuwa mtu wa maono. Dada mmoja kaniuliza kama mchumba aliyeko Kigoma ana mtu mwingine. Zoé wa kwaya kataka nimwonee mahali alipoacha funguo. Nikasema angalie kwenye mkoba. Zilikuwa kwenye mkoba! Sasa ndiyo nimekwisha.

Goti linapona, nafasi inaondoka. Leo baada ya mazoezi nimemwendea Kocha Shem. Nimemwambia kwa upole kwamba binadamu aliyetoka kuugua hafai kusukumwa. Nilikuwa na hoja nyingine nne. Sikuzitumia. Kocha akaniwekea mkono begani, akasema nina roho safi. Kasema Godefroid amempigia mwenyewe asubuhi, ameomba Mzee Gelasius, yaani mimi, aanze Dallas, yeye akae benchi. Eti Godefroid hawezi kushindania nafasi na mtu aliyemwokoa.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ya kifuani. Ilidumu hadi nilipomaliza chai. Kisha nikaanza kupaka njumu rangi.

Jumamosi, 24 Mei

Dallas. Tumeondoka alfajiri kwa magari matatu. Godefroid alikaa kiti cha nyuma ili mimi ninyooshe miguu mbele. Njia nzima alikuwa akinimenyea machungwa.

Uwanja umejaa. Wakenya wengi, moshi wa nyama, watoto wanakimbia. Nikaingia na kitambaa cha unahodha mkononi, Kocha kanipa kwa ile roho safi. Nasema bila kuficha, macho yalilowa. Nilisimama katikati nikapiga kelele zangu zote, huyu nenda huku, yule rudi. Hakuna aliyenisikiliza, lakini nilikuwa katikati.

Mshambuliaji wao ni Heritier, yule Mkongo wa Fort Worth, mpana kama mlango. Akaja na mpira. Nikamngoja, kama alivyosema Angel. Akapita kulia.

Sigeuki kulia. Niliandika mwenyewe, nikasahau mwenyewe. Nikageuka. Msuli wa paja ukakamata, nikaanguka peke yangu, Heritier akiwa mbali. Alisimama akaomba msamaha, maskini, akidhani amenigusa. Nikamwacha adhani. Nikamwonyesha refa mguu. Refa akanionyesha benchi.

Godefroid akaingia. Kabla ya kuingia alinibeba hadi kivulini. Akacheza muda wote uliobaki, kimya, akiwa na bandeji yangu. Heritier hakupita tena. Kona ya mwisho, Godefroid akaruka, kichwa, goli! Houston moja, Dallas sifuri. Watu walimnyanyua juu. Huko juu alikuwa akinionyesha mimi kwa kidole, watu wamshukuru Papa Angel. Wakanipigia makofi nikiwa nimelala chali na barafu pajani. Humphrey ndiye aliyeileta barafu. Alinipangia taratibu, akasema nitazoea.

Jumatatu, 26 Mei

Sikukuu ya Wamarekani, watu hawajaenda kazini. Kwa hiyo wamekuja wote. Msafara! Safari hii mgonjwa ni mimi. Mama Matumaini ameleta sala, Bibiche fufu na samaki. Nyimbo zile zile. Nilijaribu kuonekana mtu wa mateso makubwa, Natalia akawaambia ni msuli tu, na nikinyamaza utapona haraka.

Walipokwisha kula, Godefroid akasogeza kiti karibu na kochi. Kasema amefikiri sana. Amemaliza na mpira, goti limempa salamu na ameipokea. Kasema ile ya Dallas ilikuwa ya mwisho, na kwamba furaha yake ni sisi wawili kutoka pamoja, ndugu wawili, tuwaachie vijana kabla hawajatusukuma. Akaniomba nikubali. Alikuwa na machozi.

Nikakubali. Nililia pia, si kwa kuigiza. Tulishikana mikono, Mama Matumaini akatuombea, kwaya ikaimba. Natalia alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama kwa miaka. Nilijihisi mwepesi. Nilihisi kwamba mtu anaweza kuzeeka vizuri.

Wameondoka. Kupitia dirisha nawaona kwenye maegesho, bado wanaagana.

Nimeshampigia Kocha Shem. Nimemwambia kwa siri, kwa uchungu mkubwa, kwamba Godefroid ameacha mpira kabisa, na kwamba pale katikati sasa nimebaki mimi tu. Kocha akauliza kama naweza kusimama. Nikamwambia hilo tutalizungumza.