Mkalimani Aliyeidondosha Inshallah Yangu

Jumatatu, 3 Novemba

Tarehe imetoka. Keshokutwa saa nne asubuhi, ofisi ya wakala pale Ukunda, afisa wa ubalozi atanihoji kwenye skrini. Akiridhika, mimi na mwanangu Mwanaima tunamfuata mume wangu Sharif. Sharif anatengeneza majokofu ng'ambo. Hajapata kumshika mwanawe, aliondoka yungali tumboni. Sasa ana miezi kumi na meno manne.

Nimeomba mkalimani. Kiingereza nakijua kidogo, nilifika kidato cha pili, lakini hilo sitalisema. Swali nitalisikia mara mbili: kwanza nifikiri, pili nijibu. Wifi yangu Esha kasema mtu wa kati ndiye alaye mnofu, mimi nitaletewa mfupa. Wivu. Kaka yake hakumwita yeye.

Jumatano, 5 Novemba

Mkalimani ni mwanamke. Rispah. Mrembo, kucha nyekundu, pete hana. Jina la mume wangu alilitamka polepole, Sha-rif, kama mtu anayeonja mchuzi. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Afisa ni mzee wa miwani, mpole. Aliuliza mimi na Sharif tulikutana wapi. Nikaeleza yote: arusi ya binamu yangu kule Mkwiro, mvua, Sharif kunibebea viatu, mama kununa. Rispah akasema maneno saba. Niliyahesabu kwa vidole chini ya buibui. Mvua iko wapi? Viatu kavipeleka wapi? Nikanyamaza, maana Kiingereza sikijui.

Ndipo likaja swali lenyewe. Nikifika, nitaishi na mume wangu? Nikajibu, inshallah. Rispah akamwambia afisa, ndiyo. Basi. Jina la Mwenyezi Mungu limeangukia njiani!

Ikaniponyoka. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili nikamwambia afisa kwamba mimi sikusema ndiyo.

Afisa akavua miwani. Akaniuliza mwenyewe, taratibu, nitaishi naye au la. Inshallah, nikasema. Akataka maana. Rispah akamweleza, Mungu akipenda. Afisa akauliza, na mke mwenyewe je, anapenda?

Swali gani hilo mbele za watu. Nikainama. Akaandika mengi.

Alhamisi, 6 Novemba

Sharif kapiga simu. Wakala kamwambia kila kitu. Nikamuuliza kama anamjua mtu aitwaye Rispah. Kimya. Kisha akasema hamjui, ni mtandao ulikatika. Mtandao gani unaokatika penye jina moja tu?

Mwanaima akaishika simu akasema ba, ba, ba. Nikamsikia Sharif akivuta kamasi. Hapo mtandao ulikuwa mzima.

Jumanne, 11 Novemba

Barua ya ubalozi. Afisa hana hakika na nia yangu. Ananipa nafasi nyingine, ya mwisho.

Nimeomba mkalimani mwingine: mwanamume, mtu mzima, Mwislamu. Esha kasema nijibu ndiyo tu, inshallah ibaki moyoni, Mungu ana masikio makali kuliko yule mzee wa skrini. Akavaa miwani ya marehemu babake akawa afisa. Utaishi na mumeo? Ndiyo. Mara ishirini. Nimeiva.

Jumatatu, 17 Novemba

Mkalimani, Mzee Nassir wa Vanga, tasbihi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Roho ikatulia.

Afisa akauliza lile lile. Nilijiandaa kusema ndiyo. Ulimi ukasema inshallah. Mzee Nassir akamwambia afisa, ndiyo.

Nilisema neno moja, naye kasema moja. Halikupungua hata moja. Huyo ndiye mkalimani mwaminifu, si yule wa kucha. Afisa akacheka na Mwanaima, akasema viza itatoka wiki ijayo.

Mpango wangu umefaulu. Esha kalia, kasema ni furaha. Nitachunguza.

Sharif kapiga. Kauliza tutakuja mara tu viza ikitoka? Nikamwambia, inshallah. Akacheka, akauliza hiyo ni ndiyo au hapana.

Hilo ni swali la chumba kile. Kumbe Rispah kamfikia.