Makaa Yanayojua Saa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mvua tena. Magoti yanauma. Miaka ishirini na sita nimefunga watu vidonda kwenye zahanati ya shamba la chai, nikastaafishwa na kupewa saa ya ukutani. Haitembei. Sasa nina kibanda cha dawa hapa Silibwet, na ng'ambo ya barabara yuko Bogonko mfamasia, mwenye duka la dawa la vioo na cheti kwenye fremu. Wagonjwa wanavuka kumwendea. Mimi wananisalimia tu.

Leo alikuja Nyamoita, mchuma chai. Tumbo lilimfunga siku nne, akameza vidonge vya Bogonko alfajiri, vikamkuta saa nne katikati ya mistari ya chai. Alikimbia akaacha kikapu! Akauliza kama hakuna dawa yenye adabu, inayosubiri mtu amalize kazi. Nikasema ipo. Haipo. Lakini nilishasema.

Jumanne, 6 Agosti

Nyama ya jana ilifungwa kwa gazeti kuukuu. Nimesoma: huko Japani wameona mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, na wataalamu wanaota kwamba siku moja itabeba dawa na kuiachilia pale inapotakiwa tu. Kaboni ni nini? Makaa! Mungu wangu! Mama zetu wanasugua makaa ya mti wa senetwet ndani ya vibuyu vya mursik tangu zamani, maziwa yanalala humo mpaka yanakuwa makali, na leo ndio Wajapani wanaamka!

Nimechemsha majani ya senetwet, yale ya kufungua tumbo, nikaloweka humo unga wa makaa ya mti huohuo, nikaukausha juu ya moto. Mpango: ukimeza na maji, makaa yanashikilia dawa. Jioni ukinywa maziwa makali, yanaiachilia. Tecla, mke wangu, ameuliza kwa nini sufuria ya ugali inanuka.

Jumatano, 7 Agosti

Nimejijaribu. Asubuhi kijiko kimoja na maji. Kimya. Jioni kikombe cha maziwa. Kimya! Kumbe Tecla alinipa ya leo leo, hata hayajaanza kuganda. Mursik yote ni ya wageni.

Wageni wenyewe: Jumamosi ni koito ya binti yetu Fancy. Wazee wa kina Noah, mchumba wake, wanatoka Siongiroi kuzungumza mahari. Fancy amemsubiri Noah miaka mitatu. Ameniomba kitu kimoja tu: baba, siku hiyo usivumbue kitu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimechoka. Mkebe wa unga wa makaa nimeuacha jikoni, karibu na vibuyu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkebe umekuwa mwepesi. Panya. Panya wa Silibwet wanakula hata sabuni.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Aibu.

Walikuja wazee saba, mbele yao Mzee Kiptanui, mjomba wa Noah. Tuliomba. Mursik ikamiminwa, rangi ya kijivu safi. Wakaisifu, wakanywa vikombe viwili viwili. Mimi sikunywa, nilikuwa nawaeleza habari za Wajapani. Tecla akaninong'oneza kwa furaha kwamba makaa yake yaliisha, akatumia ya mkebe wangu, laini ajabu, hata hayataki kutwangwa.

Nikaangalia saa ya mkononi ya Mzee Kiptanui.

Mzee Kiptanui alisimama kutamka kwamba wamekubali. Akakaa. Akasimama tena, na safari hii haikuwa hotuba. Choo ni kimoja! Wengine waliingia kwenye mahindi ya jirani, kofia mkononi. Fancy alilia mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nani akaja na chumvi ya kuchanganya na maji, bila kuitwa, akawahudumia wote saba? Bogonko. Wala hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mzee Kiptanui aliondoka ameshikwa mikono miwili. Alisema watafikiria.

Jumatano, 14 Agosti

Wanarudi! Tarehe ishirini na nne. Noah amekataa kula mpaka warudi. Sharti lao: nisikanyage jikoni. Fancy naye ameleta Biblia. Nimeweka mkono juu, nikaapa sitagusa tena makaa ya senetwet. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nililia kidogo. Mtoto wangu ana moyo mzuri.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema: makaa yalifanya kazi! Yalishika, yakaachilia. Kasoro ilikuwa dawa yenyewe. Hawa wazee watarudi na hofu ya matumbo, maskini. Wanahitaji dawa ya kufunga tumbo. Na nimeapa kuhusu senetwet. Magunzi ya mahindi hakuna aliyeyataja. Nimeyachoma leo nyuma ya kibanda, nikaloweka makaa yake kwenye dawa hiyo, nikakausha. Unga mweusi, mzuri.

Safari hii sijauacha ovyo. Jikoni sikukanyaga. Nimeumimina wote kabatini sebuleni, ndani ya mkebe wa majani ya chai ya wageni. Hapo Tecla hataugusa.